Hatua Arobaini za Mgawa Maji

Jina nililopewa na mama yangu watu wamelisahau. Skimu nzima ya umwagiliaji, wakubwa kwa wadogo, wananiita Kufuli, na nisikudanganye, nililipenda jina hilo. Mimi ndiye mgawa maji. Funguo za milango yote ya mfereji ninazo mimi, nimezining'iniza kiunoni kwa mnyororo wa baiskeli, na nikitembea zinalia hata mke wangu husema mwanamke wa Kufuli hawezi kufumaniwa, maana mume anasikika angali mtaa wa pili. Anacheka peke yake akisema hivyo. Mimi huwa sicheki.

Kazi yenyewe ni hii. Kwetu mvua ni mgeni wa mara moja kwa mwaka, na siku nyingine hata hapigi hodi. Kinachotulisha ni maji ya mto yanayozibwa kule juu na kuletwa kwa mfereji mpaka kwenye boksi la zege, ukubwa wake kama kitanda cha watu wawili. Hapo ndipo mfereji unapogawanyika: mmoja wa juu, mmoja wa chini. Kila upande una mlango wa mbao zinazopachikwa moja juu ya nyingine, na kila mfereji una chuma kilichochorwa mistari, kimesimamishwa ndani ya maji hatua chache kutoka mlangoni. Tunakiita rula. Sheria ni mistari saba kila upande. Maji yakizidi naongeza ubao, yakipungua natoa ubao, nafunga kufuli, nakaa. Unaona rahisi? Thubutu! Jaribu kuwagawia maji watu mia na ishirini, kila mmoja mimea yake imenyauka, ndipo utawajua binadamu.

Miaka kumi na sita nimeifanya kazi hiyo. Majogoo wa hongo nimewarudisha watatu, wakiwa hai, mbele ya mashahidi. Shemeji yangu alinuna miezi minane kwa sababu nilimfungia maji dakika ileile zamu yake ilipokwisha, naye amebakiza tuta moja tu. Nikamwambia rula haina shemeji. Watu wakacheka, na maneno hayo yakazunguka skimu nzima, nami nikayasikia yakinirudia kutoka midomo ya watu nisiowajua. Kichwa kikavimba. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayezungumza nawe.

Sasa nikwambie habari za mdogo wangu. Ni dada yangu, tumezaliwa wawili tu, tumenyonya ziwa moja. Mama alipofariki alituachia mashamba mawili ya kumwagilia. Langu liko mfereji wa juu, jirani na boksi, ambako maji hayajawahi kupungua. La kwake liko mfereji wa chini, mkiani kabisa, shamba la mwisho. Mumewe alikwenda mjini kutafuta, na utafutaji ukamnogea, hakurudi. Basi dada akabaki na watoto wawili na lile shamba la vitunguu. Hana kingine. Hana duka, hana cherehani, hana mbuzi. Vitunguu vikifunga vichwa vizuri watoto wanasoma na wanakula, visipofunga ananyamaza. Kuomba haombi. Hilo tumelirithi wote wawili kwa mama, kiburi cha tumbo tupu.

Kuna sheria nyingine ya skimu, na aliyeipigania kikaoni kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Shamba likikauka misimu miwili mfululizo, mwenyewe ananyang'anywa, anapewa mwingine aliye kwenye orodha ya kungoja. Tuliiweka kwa ajili ya wavivu wanaoshikilia ardhi bila kulima. Niligonga meza nikasema, maji ni machache, asiyeyatumia awapishe wenzake. Wakanipigia makofi.

Na kuna kazi ya kusafisha. Kila familia imepewa kipande chake cha mfereji, hatua arobaini, kila mwanzo wa msimu wafyeke majani na kuzoa tope. Anayekagua ni mimi. Napita na fimbo, nachoma chini, nikikuta tope linafika kwenye alama nakurudisha ndani ya mfereji hata kama umeshaoga na kuvaa. Wanawake walikuwa wakiniona wanaambizana, "Haya, mkwe kaja, inameni."

Mimi pia nina kipande changu. Kiko mfereji wa chini, kinaanzia pale rula iliposimama. Hatua arobaini kama za wenzangu.

Msimu wa kwanza wa haya ninayokusimulia mgongo uliniuma. Huo ni ukweli, mke wangu ni shahidi, alinikanda kwa maji ya moto wiki nzima. Nikasema nitasafisha ukipona. Mgongo ukapona, nikasema kesho. Matete yalikuwa yameota kidogo tu, mazuri, ya kijani, nikajiambia yanashika kingo zisibomoke. Msimu wa pili sikujiambia hata kitu. Nilipita hapo kila siku na fimbo yangu nikienda kukagua vipande vya wenzangu. Nani amkague mkaguzi? Nyani haoni kundule, wahenga walinisema mimi kabla sijazaliwa.

Msimu ule wa kwanza vitunguu vya dada vilitoka vidogo kama gololi. Akaja kwangu nyumbani, akakaa kizingitini, akakataa kiti.

"Kaka, maji hayanifikii. Zamu yangu inaanza asubuhi, mpaka saa sita ndiyo kwanza naona unyevu."

"Kuna wanaokuibia njiani," nikamwambia.

"Nimetembea mfereji wote. Hakuna aliyetoboa."

"Basi matuta yako hayako sawa. Rula inasoma saba. Mimi nimeisoma mwenyewe."

Aliaga, akachukua kanga yake, akaondoka. Mke wangu aliyekuwa akichambua mboga akaniambia, "Yule ni mdogo wako, siyo mshitakiwa." Nikamwambia aangalie mboga zake.

Msimu wa pili alikuja kwenye boksi, si nyumbani. Ilikuwa wiki ile vitunguu vinapoanza kufunga, wiki ambayo vikikosa maji hata ukivimwagia bahari baadaye ni kazi bure. Palikuwa na watu saba au wanane wakingoja zamu zao. Akasema, taratibu, lakini wote wakasikia, "Kaka, nitolee ubao mmoja tu. Mmoja. Kwa leo."

Ningeweza kushuka pale nikaangalia. Ilikuwa ni kugeuza shingo tu! Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa Kufuli. Nikacheka, nikasema, "Undugu tuuache nyumbani, hapa tunasoma mistari." Wakacheka na wenyewe. Mmoja akanipiga begani. Dada akatazama rula, kisha akatazama kule mbele ya rula, kwenye matete, kwa muda mrefu kidogo. Halafu akaondoka. Nilimwona alivyotazama. Nikadhani anaficha machozi.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa Alhamisi, mchana, watu wamekwenda kula. Nilikaa peke yangu juu ya boksi namenya chungwa. Ganda la kwanza nikalitupa mfereji wa juu, likachukuliwa mbio mpaka likapotea. La pili nikalitupa mfereji wa chini. Likaenda polepole mpaka usawa wa rula, likasimama. Likazunguka pale pale. Nikatupa lingine. Likamfuata mwenzake, yakasimama yote mawili.

Loo! Rula inapima kimo cha maji, haipimi mwendo. Maji yalikuwa yamejaa pale kwa sababu yamezuiwa, kama yanavyojaa kwenye karai, na mimi kwa misimu miwili nilikuwa nasoma saba, naongeza ubao yasizidi, na kumbe mfereji wa chini unapata nusu. Walio karibu waliambulia cha kuwatosha. Aliyekuwa anakosa ni wa mwisho. Na yaliyobaki yote yalikuwa yanakwenda mfereji wa juu, lilipo shamba langu. Mwaka ule vitunguu vyangu vilinona mpaka jirani akaniuliza natumia mbolea gani.

Nikashuka na jembe, fyekeo na toroli. Nilifyeka matete yote, nikazoa tope lililonifika magotini, sikupumzika hata kunywa maji. Mgongo ulilia, nikasema lia. Baada ya saa mbili maji yalianza kukimbia mpaka rula ikashuka ikasoma nne, nikatoa mbao tatu ndipo ikarudi saba. Saba ya kweli safari hii.

Hapo ndipo pa kujiuliza, na nimejiuliza mara nyingi. Kama nilikuwa nasafisha tu, tope nililibeba la nini? Kila mtu anayesafisha huliacha tope kwenye kingo likauke. Mimi nililipakia kwenye toroli, safari baada ya safari, nikalimwaga shambani kwangu na kulitandaza chini ya matuta. Matete nikayatupa kwenye zizi la ng'ombe wa jirani, yakaliwa siku ileile. Kisha nikachukua ndoo, nikaosha kingo. Nimewahi kusikia mtu akiosha kingo za mfereji wa udongo? Sijawahi. Aliyefanya hivyo alikuwa anaficha, na alijua anaficha, na huyo ni mimi.

Nilijipa moyo kwamba Ijumaa ni zamu ya dada, maji yatamfikia, shamba litaamka, mambo yatakwisha kimyakimya. Maji yalimfikia kweli. Lakini vitunguu vilikuwa vimeshakata tamaa, majani yamelala na kukauka ncha. Na Jumamosi ilikuwa kikao.

Kikao hufanyika kwenye ghala la skimu, watu wanakaa juu ya magunia, kamati inakaa kwenye benchi. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, mtu mzuri, mwenye tabia ya kusafisha miwani akitaka kusema jambo zito. Akasafisha miwani. Akasoma shamba la mkiani, misimu miwili, limekauka. Akamwita dada ajieleze.

Dada akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, lile la buluu, na uso wake ulikuwa mkunjufu. Nilishangaa kwa nini ana uso mkunjufu.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi si mvivu, majirani zangu wananijua. Maji yalikuwa hayafiki. Pale chini ya boksi palikuwa na matete na tope, misimu yote miwili, ndiyo yaliyozuia."

Ghala likavuma. Pale chini ya boksi ni kipande cha nani kila mtu anajua. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Mwanamke huyu anamtukana kaka yake mbele za watu?" Mwenyekiti akawanyamazisha, akatuma watu wawili waende kuangalia. Ni mwendo wa dakika tano kwenda na tano kurudi. Dakika kumi hizo nilikuwa nazo mimi. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na meno, nilikuwa na kila kitu cha kusemea. Nilikaa juu ya gunia nikichezea funguo.

Wakarudi. "Ni pasafi, mwenyekiti. Hakuna hata unyasi. Maji yanakimbia."

Mwenyekiti akanigeukia. "Kufuli, palikuwa na matete pale?"

Nikasimama. Dada alikuwa ananitazama, na nakuapia, bado alikuwa na uso ule ule. Nikasema, "Mwenyekiti, mmejionea wenyewe."

Hayo tu. Ukiyachunguza hayana uongo ndani yake. Nimeyachunguza sana, na kila nikiyachunguza naona ndiyo uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Watu wakaanza kumzomea. Mwongo, mwongo, anamsingizia kaka wa damu! Dada alibaki amesimama wakati katibu anaandika, kisha akakaa, kisha kikao kikaendelea na mambo mengine, bei ya magunia nadhani, sikusikia. Kwenye kutoka watu walinipa mikono. Walinipa pole! Mmoja akasema, "Ndugu wa siku hizi ni kaa la moto."

Nyumbani sikula. Mke wangu akanitazama na kuuliza, "Zile suruali zilizojaa tope juzi, ulikuwa wapi?" Nikamwambia kazini. Akasema, "Aha," akaziendea akazifua, na tangu siku hiyo utani wa funguo umekwisha nyumbani kwetu.

Shamba likapewa mwingine, kijana mmoja mchapakazi, hana kosa lolote maskini. Dada akapata kibarua ghalani, anachambua vitunguu vya watu: vikubwa huku, vidogo huku, vilivyooza kule. Watoto wake wakiniona njiani wanaamkia, "Shikamoo mjomba," kwa adabu kabisa, wala hawasimami. Zamani walikuwa wananipekua mifuko.

Nilivumilia wiki sita. Sijisifu, nakueleza tu. Usingizi ulinikimbia, chakula kikawa mchanga mdomoni, na bado kila siku nilipita na fimbo kukagua vipande vya watu. Siku moja nikamwambia mama mmoja tope lake limezidi, naye akajibu, "Samahani baba, laiti kila mtu angekuwa kama wewe." Nikaitupa fimbo hapo hapo, nikaenda moja kwa moja ofisini.

Mwenyekiti alikuwa peke yake na chupa yake ya chai. Nikaziweka funguo mezani.

"Matete yalikuwepo," nikasema. "Misimu miwili. Nilisafisha Alhamisi kabla ya kikao, nikaficha tope. Dada yangu alisema kweli."

Akaniangalia. Akavua miwani, akaisafisha. Kisha, jamani, akatabasamu.

"Kufuli, kaa kwanza. Unywe chai."

"Sitaki chai! Nimekwambia mimi ndiye niliyemkausha."

"Nakuelewa. Dada ni dada. Hata mimi ningekuwa wewe ningetafuta njia. Lakini tulituma watu, wakaona."

"Waliona nilichowaandalia!"

"Tope liko wapi?"

"Shambani kwangu. Nimeshalilimia."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

Akanisogezea funguo zangu taratibu, kwa ncha ya kalamu. "Yule kijana ameshapanda. Hata ungekuwa na mashahidi kumi, siwezi kumng'oa. Nenda ukapumzike. Na funguo chukua. Mtu aliye tayari kujipaka matope ili amsafishe ndugu yake, tukimwacha huyo tutampata wapi mwingine?"

Nilipiga meza. Nilimwita mjinga, yeye mtu mzima na elimu yake. Akanivumilia kama anavyovumiliwa mgonjwa. Mwisho nikazichukua funguo, maana watu walikuwa wameshaanza kuchungulia dirishani.

Nikaenda ghalani. Dada alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono inakwenda, maganda ya vitunguu yamemjaa kwenye gauni. Wenzake waliponiona wakasogea kando. Nikachuchumaa mbele yake, nikamweleza yote, chungwa, jembe, toroli, na kwamba nimetoka kwa mwenyekiti na hakunisadiki, kwa sababu hakuna aliyeniona.

"Mimi nilikuona," akasema.

Mikono yake haikusimama.

"Alhamisi ile nilikuwa nakuja kukuomba kwa mara ya mwisho. Nikakukuta ndani ya mfereji, tope magotini, na mgongo wako ule mbovu. Sikukuita. Nilirudi nyumbani nikilia kwa furaha, kaka. Nikawaambia watoto, mjomba wenu ametuokoa. Nikatoa gauni la buluu nikalipiga pasi."

"Mbona kikaoni hukusema kwamba uliniona?"

"Ningesema mimi, ungekuwa umekamatwa. Nilitaka waone umekuja mwenyewe. Nikataja matete nikijua sasa utasimama useme, ndiyo, nimeyatoa juzi, tumsamehe mdogo wangu." Akachukua kitunguu, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakitupa kwenye lundo la vibovu. "Walipotuma watu nikakungoja. Uliposimama nikasema, haya, ndiyo huyo. Hata katibu alipokuwa anaandika, mimi nilikuwa bado nakungoja."

Nilitaka kumshika mkono. Ulikuwa na kazi.

"Kaka," akasema, "sogea kidogo, wanataka kupita na magunia."